SAMAKI HUYU ALITOKA WAPI?

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Mkulima wa kahawa anaijua maana ya maneno haya. Akipeleka kahawa yake mbivu kwenye kiwanda cha chama cha ushirika, karani huipima, huandika kilo katika kitabu, na humpa mkulima stakabadhi yake. Mfugaji naye anaijua. Ng'ombe wake ana chapa, na akitaka kumpeleka mnada wa mbali hana budi kuwa na cheti cha ruhusa. Mwizi akikamatwa njiani na ng'ombe asiye wake, chapa na cheti ndivyo vitakavyomshuhudia.

Lakini samaki je? Samaki hapigwi chapa. Changu aliyevuliwa kwa mshipi na mtu mwenye leseni, na changu aliyevuliwa usiku kwa wavu uliokatazwa, wakiwekwa katika kapu moja hufanana kama pacha. Mnunuzi aliye Nairobi, na zaidi yule aliye ng'ambo, hawezi kujua ni yupi wa haki na ni yupi wa wizi.

Kwa sababu hii watu wa uvuvi husema ya kuwa chapa ya samaki ni karatasi yake. Karatasi hiyo haianzi katika ofisi kubwa za Mombasa. Inaanza pale ufukoni, juu ya meza ya karani wa wavuvi, kando ya mizani. Ikianza kwa uongo, itakuwa ya uongo mpaka mwisho wa safari, hata ikipigwa mihuri kumi.

Uvuvi haramu ni upi?

Wengine hudhani ya kuwa mvuvi haramu ni mgeni tu, mwenye meli kubwa, anayeingia katika maji yetu kwa siri. Huyo ni mmoja wao, na hasara yake ni kubwa. Maji ya Kenya katika Bahari ya Hindi yanafika maili 200 za baharini kutoka pwani, na si kazi rahisi kuyalinda yote. Lakini wako na wengine walio karibu zaidi. Mtu anayevua bila leseni ni mvuvi haramu. Kadhalika anayevuta juya pwani, anayechoma samaki kwa bunduki ya mshale, au anayetega nyavu za uzi mmoja wa plastiki. Vyombo hivyo vimekatazwa katika Kenya tangu mwaka 2001. Tena yuko anayevua kwa leseni safi, lakini akifika nchi kavu huficha nusu ya samaki wake ili wasiandikwe.

Katika utafiti uliotolewa mwaka 2009, wataalamu walikadiria ya kuwa samaki wanaovuliwa kwa njia hizi duniani ni kati ya tani milioni 11 na milioni 26 kila mwaka. Samaki hao hawatupwi. Wanauzwa na kuliwa. Basi, wanaingiaje sokoni? Wanaingia kwa kuchanganywa na samaki wa halali. Mwizi hahitaji soko lake mwenyewe. Anahitaji tu kapu la mtu mwema ambamo ataweka wake.

Safari ya samaki mmoja

Tumfuate pweza mmoja. Mvuvi anamtoa katika mwamba maji yanapotoka. Anampeleka kwenye banda la samaki, na hapo anapimwa na kuandikwa. Mchuuzi anamnunua pamoja na wa wavuvi wengine, anawatia barafu, na kuwapeleka kwa tajiri. Tajiri anakusanya wa fuo tatu au nne na kuwapeleka kiwandani. Kiwandani wanasafishwa, wanagandishwa, wanatiwa katika masanduku, na kupelekwa bandarini. Huko ng'ambo wananunuliwa na mwenye duka, na mwisho wanafika mezani.

Katika safari hiyo pweza amepita katika mikono sita au saba. Kanuni ya kufuatilia asili yake ni nyepesi, nayo ni hii: kila mkono uandike uliempokea kwake na uliempa. Hatua moja nyuma, hatua moja mbele. Hakuna anayetakiwa kujua safari nzima, lakini kila mtu akiandika hatua zake mbili, ofisa anaweza kushika sanduku mwishoni na kurudi nyuma, mkono kwa mkono, mpaka afike kwenye banda na kusoma namba ya chombo. Nchi za Umoja wa Ulaya zimewalazimisha wafanya biashara wao wa vyakula kufuata kanuni hii tangu Januari 1, 2005.

Tena, tangu Januari 1, 2010, samaki wa baharini waliovuliwa hawaingii katika nchi hizo bila cheti cha uvuvi. Cheti hicho hueleza chombo kilichovua, aina ya samaki, uzito wao na mahali walipovuliwa, na hakina nguvu mpaka kithibitishwe na serikali ya nchi ambayo chombo kimeandikishwa. Hata vyombo vidogo havikuachwa. Kwa samaki waliovuliwa na vyombo vidogo viko vyeti vya namna nyepesi, ambamo mwenye kupeleka mzigo huorodhesha vyombo vyote vilivyouleta. Kwa hiyo namba iliyochorwa ubavuni mwa mashua yako yaweza kusomwa na ofisa wa forodha huko Ulaya ambaye hatakuona kamwe. Marekani nayo ilianza mpango wa namna hiyo mwaka 2018 kwa aina kadhaa za samaki, na jodari ni miongoni mwao.

Jinsi uongo unavyogunduliwa

Msomaji atauliza, "Kalamu haina mfupa. Mtu asiye mwaminifu si ataandika apendavyo?" Naam, ataandika. Lakini uongo wa daftari una adui wawili.

Adui wa kwanza ni hesabu. Tuseme kitabu cha ufuo kinaonyesha ya kuwa juma hili walipimwa pweza kilo 300. Kitabu cha kiwanda kinaonyesha ya kuwa juma hilo hilo walinunuliwa kutoka ufuo huo pweza kilo 500. Zile kilo 200 zilitoka wapi? Ama karani hakuziandika, ama tajiri alizipata kwingine asikotaka kukutaja. Kwa vyovyote vile ofisa amepata pa kuanzia.

Adui wa pili ni samaki mwenyewe. Aliyenaswa kwa ndoana ana jeraha kinywani. Aliyenaswa kwa jarife mara nyingi ana alama ya uzi nyuma ya mashavu. Aliyeuawa kwa baruti huonekana mzima kwa nje, lakini ukimpasua utakuta uti wa mgongo umevunjika na damu imetapakaa ndani, na nyama yake ni laini na huoza upesi. Basi karatasi ikisema "mshipi" na mfupa ukasema "baruti", aminini mfupa. Na ikiwa samaki amekwisha kukatwa vipande hata hatambulikani, wataalamu wanaweza kupima kipande kidogo cha nyama na kujua ni wa aina gani.

Meli iliyoleta barua za uongo

Hila za vyombo vikubwa hazitofautiani sana na za vidogo. Iko habari ya meli moja ambayo inafaa kila karani aijue.

Meli hiyo iliitwa Premier. Ilikuwa ya kuvua jodari kwa wavu wa kuzungusha, na bendera yake ilikuwa ya Korea Kusini. Liberia, iliyo Afrika ya Magharibi, iliishtaki kwa kuvua katika maji yake bila ruhusa halali mwaka 2011 na 2012. Baadaye meli ikahamia upande wetu wa Bahari ya Hindi, ikaomba leseni na mahali pa kushusha samaki. Ilipoulizwa juu ya mambo ya Liberia, zikatolewa barua za kuonyesha ya kuwa haina hatia.

Zamani huenda mambo yangaliishia hapo, maana barua ni barua. Lakini mwaka 2012 mataifa ya upande huu wa bahari, Kenya ikiwa mojawapo, yalikuwa yameanza kupeana habari za meli katika umoja uitwao FISH-i Africa. Maofisa hawakutosheka na kuzitazama barua zile. Waliwauliza Waliberia wenyewe. Jibu likaja ya kuwa ni za kughushi. Mwaka 2013 Mauritius iliikatalia meli hiyo kushusha samaki wake, na nchi nyingine za upande huu, pamoja na Kenya, zikainyima leseni. Meli ya kuvua isiyo na pa kuvua wala pa kushusha haimfai mtu kitu. Mwisho wenye meli wakakubali kuilipa Liberia faini.

Hakuna risasi iliyopigwa, wala mashua ya doria haikuikimbiza meli hiyo. Ilishindwa na swali moja dogo: "Samaki hawa walitoka wapi?" na watu waliokataa kupokea jibu bila kulihakikisha.

Siku hizi swali hilo limetiwa katika mapatano ya dunia. Yako mapatano ya mataifa juu ya kazi ya bandari katika kuzuia uvuvi haramu, yaliyoanza kutumika mwaka 2016, na Kenya ilijiunga nayo mwaka 2017. Meli ya kigeni ikitaka kuingia hutakiwa kupeleka habari zake mbele: jina, leseni, na samaki iliowabeba. Ikitiliwa shaka yaweza kukataliwa kabla haijatia nanga.

Mlango ukifungwa

Labda mvuvi wa mtumbwi atasema, "Hayo ni ya meli. Mimi yananihusu nini?" Na akumbuke yaliyowapata wenzake wa Ziwa Victoria.

Kati ya mwaka 1997 na 2000, nchi za Umoja wa Ulaya zilifunga mara kadhaa soko lao kwa mbuta wa ziwa hilo. Mara ya kwanza ilikuwa kwa ajili ya vijidudu katika nyama, mara ya pili kwa hofu ya kipindupindu, na mwaka 1999 kwa ajili ya habari za watu waliokuwa wakivua kwa kutia sumu majini. Angalieni jambo hili sana. Waliotia sumu walikuwa wachache, lakini mlango ulifungwa kwa Uganda, Kenya na Tanzania pamoja. Viwanda vilisimama au vilipunguza kazi, bei ikaanguka ufukoni, na aliyevua kwa nyavu za haki akaumia pamoja na mkosaji. Hakuwa na karatasi ya kuonyesha ya kuwa samaki wake si wale. Samaki mmoja akioza, huoza wote.

Jambo la namna hii limetokea baharini pia. Mwaka 2015 Sri Lanka ilifungiwa soko la Ulaya kwa kutozuia uvuvi haramu wa vyombo vyake, na haikufunguliwa mpaka mwaka 2016 ilipokwisha kutengeneza sheria na ulinzi wake. Mwaka 2017 jirani zetu wa visiwa vya Komoro walifungiwa, kwa sababu meli za kigeni zilikuwa zikipeperusha bendera yao bila kuangaliwa sawasawa. Kosa ni la wachache, lakini mlango ni wa wote.

Daftari la ufuo

Tangu kanuni za mwaka 2007, wavuvi wa Kenya wamekuwa na vyama vya kusimamia fuo zao, ambavyo kila mtu huviita BMU. Wanachama si wenye vyombo tu. Wamo mabaharia, wachuuzi, mafundi wa mashua, na akina mama karanga wanaonunua samaki wadogo na kuwakaanga. Moja ya kazi za chama ni kuandika samaki wanaoshushwa.

Karani mwema huandika mambo haya kwa kila chombo: tarehe, namba ya chombo na jina la nahodha, mahali walipovua, mtego uliotumiwa, kama mshipi, malema au jarife, aina za samaki na uzito wa kila aina, na jina la mnunuzi. Ni mstari mmoja tu, nao hauchukui dakika nyingi. Lakini ni mstari ambao safari yote iliyobaki inautegemea.

Inafaa kusema kweli ya kuwa kazi hii ina uzito. Vyombo hurudi pamoja maji yanapojaa, samaki hawangojei katika jua, na mara nyingi malipo ya karani ni kidogo au hakuna. Tena tajiri aliyewakopesha wavuvi nyavu na injini huenda akasimama kando ya meza na kusema, "Andika tu kilo hizi ni za hapa." Kijana anayeshika kalamu anawezaje kumkatalia mtu ambaye nusu ya kijiji wanamwia deni? Kwa hiyo mzigo huu asiachiwe karani peke yake. Kamati ya chama isimame nyuma yake, na kitabu kisomwe mbele ya mkutano wa wanachama kila mwezi, ili wote wasikie kilichoandikwa kwa jina la ufuo wao.

Maswali ya wavuvi

"Nikitaja mahali ninapovua, si nitawapa wengine siri ya mwamba wangu?" Hakuna anayekudai alama zako za kulenga mwamba. Taja jina la eneo tu, kama vile ndani ya mwamba au nje, kusini ya mkondo au kaskazini. Hilo latosha.

"Wakijua kilo zangu, si watanitoza zaidi?" Ushuru wa ufuo hukatwa kwa kanuni walizokubaliana wanachama. Lakini fikiri upande wa pili. Mafuta yakimwagika baharini, au kazi ya bandari ikikuondoa unapovua, utadai fidia kwa ushahidi gani? Kitabu cha miaka mitano kinachoonyesha ulichovua ni wakili asiyedai ada.

"Je, samaki mwenye karatasi ana bei zaidi?" Katika soko la mtaani mara nyingi hana, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Faida yake ni nyingine. Samaki mwenye karatasi anaweza kuingia katika mlango ambao asiye na karatasi hawezi kuuingia. Tena mwizi akikosa pa kuuzia, hana sababu ya kuchukua wavu wake mbaya na kuja kuharibu mazalio ya samaki unayoyategemea.

"Na mama karanga atapata wapi samaki wake wadogo?" Hili ni swali la haki, kwa maana juya lililokatazwa ndilo lililokuwa likimletea wengi wao. Lakini tafi na changu wachanga wakimalizwa leo, kesho hatakuwa na wa kukaanga, wadogo wala wakubwa. Chama chenye busara humwekea fungu lake katika samaki wa halali kabla tajiri hajachukua wote.

Kwa wenzetu wa ziwa

Cheti cha uvuvi cha Ulaya kilichotajwa juu ni cha samaki wa baharini, wala hakidaiwi kwa samaki wa maji baridi. Lakini kanuni ya hatua moja nyuma na hatua moja mbele inamhusu mbuta kama inavyomhusu pweza. Kiwanda kinachopokea mbuta chapaswa kujua ametoka ufuo gani. Kumbukeni pia ya kuwa mbuta anayeruhusiwa ni wa sentimita 50 mpaka 85. Mdogo kuliko hapo hajapata kuzaa, na aliyezidi ndiye mama wa wengi. Macho ya nyavu yasipungue inchi 5. Karani anayemwandika mbuta wa sentimita 35 kana kwamba ni wa 50 anawaibia watoto wake mwenyewe.

Mambo ya kukumbuka

1. Namba ya chombo ichorwe ionekane wazi, wala usimwazime mtu namba yako. Akikosa yeye, utatafutwa wewe.

2. Samaki wapimwe na waandikwe kabla hawajaondoka ufukoni. Usikisie uzito, tumia mizani.

3. Usichanganye samaki wa fuo mbili katika sanduku moja. Kila sanduku lifungwe karatasi ya tarehe na jina la ufuo, na karatasi hiyo itiwe katika mfuko usioingia maji.

4. Mchuuzi na mama karanga, ombeni stakabadhi na mzitunze. Anayekataa kuandika alikotoa samaki ana sababu yake.

5. Ukiona meli ikivua mahali pasipofaa, usiikaribie. Andika saa, mahali na namba iliyo ubavuni, kisha mwarifu mwenyekiti wa BMU, Bwana Samaki, au askari wa ulinzi wa pwani.

6. Mwanachama akikamatwa akiandika uongo, msimfichie kwa sababu ni jamaa. Uongo wake umeandikwa kwa jina la ufuo wenu wote.

Babu zetu wa pwani hawakuwa na vyeti, lakini swali hili walilijua. Chombo kilipopakia samaki, mzee aliyekaa kivulini aliuliza, "Mmewapata wapi, wanangu?" na vijana walimjibu kwa adabu. Siku hizi mwenye kuuliza yuko mbali, wala hamjui kijana huyu ni mtoto wa nani. Hawezi kumtazama machoni kuona kama anasema kweli. Hana ila mstari ule mmoja katika daftari. Basi ndugu wavuvi, uandikeni sawasawa.